Not-Aus si "usizime"

Ukitafsiri vibandiko vya mashine za Kijerumani, usisome neno Not kwa jicho la Kiingereza. Kwa Wajerumani, Not ni dharura, na Aus ni kuzima. Not-Aus ndicho kile kitufe chekundu kama uyoga, chini yake manjano. Katika kinu kimoja cha unga hapa Nakuru nilikuta pembeni yake pameandikwa kwa maka peni "usizime". Mwili ulinisisimka. Tulifuta siku hiyo hiyo, tukaandika ZIMA KWA DHARURA.

Ngazi za onyo pia msizichanganye: Gefahr ni HATARI, usipoepuka utakufa au utaumia vibaya, Warnung ni ONYO, unaweza kufa, Vorsicht ni TAHADHARI, majeraha madogo au ya wastani. Na Quetschgefahr, yaani hatari ya kupondwa? Kwenye rola andika tu "mkono utapondwa".