Kuchora Chumba Chako kwa Njia ya Kidijitali: Kona Moja, Mwanga Mmoja

Mahali tunapopajua kuliko pote ndipo panapotushinda kuchora, kwa sababu jicho lililozoea halitazami tena bali hukumbuka. Anayechora meza yake mwenyewe huchora meza aliyonayo akilini, yenye miguu minne na uso wa mstatili kamili, ilhali kutoka pale alipoketi huenda miguu mitatu tu ndiyo inayoonekana na uso wa meza umebanwa ukawa ukanda mwembamba. Somo hili linafuata hatua ambazo shabaha yake ni kuyashinda mazoea hayo. Programu yoyote ya kuchora yenye matabaka, yaani kurasa angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine, inatosha, iwe Krita, ambayo hupatikana bure, iwe Procreate au nyingine uliyonayo.

Hatua ya kwanza: chagua kona na saa

Usichore chumba kizima. Chagua kona moja yenye kitu unachokitumia kila siku, kama vile kiti kando ya dirisha, kichwa cha kitanda au rafu ya vitabu, kisha ukiangalie katika saa mbalimbali za siku kabla ya kuamua. Ninasisitiza saa kwa sababu mchoro wa ndani ya nyumba kwa kweli ni mchoro wa mwanga. Jua huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa, hivyo kivuli cha fremu ya dirisha ulichoanza kukichora kitakuwa kimehama kabla hujamaliza kukipaka rangi. Andika saa uliyoichagua, piga picha ya vivuli kwa ajili ya kumbukumbu, na siku nyingine urudi kwenye kazi saa ileile.

Zima taa wakati wa mchana. Mwanga wa jua la mchana ni takribani Kelvini 5500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) na huonekana mweupe au wenye ubuluu kidogo, ilhali balbu za nyumbani zenye umanjano ni karibu Kelvini 2700. Mianga miwili ya namna hiyo ikikutana juu ya ukuta mmoja, anayeanza hushindwa kujua rangi halisi ya kivuli.

Hatua ya pili: michoro midogo

Chora michoro midogo kadhaa, kila mmoja usiozidi ukubwa wa kiberiti, ukitumia nyeusi, kijivu na nyeupe pekee. Hapa ndipo penye uamuzi wote wa kazi: kitu kikuu kikae wapi, dirisha liingie ndani ya fremu au mwanga wake tu ndio uingie, na sehemu ipi iachwe tupu. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye rangi, kisha hutumia siku nzima wakirekebisha mpangilio ambao wangeugundua kuwa dhaifu kwa dakika chache. Mchoro mdogo ukisomeka kutoka upande wa pili wa chumba, mchoro mkubwa nao utasomeka.

Hatua ya tatu: turubai

Kwa kazi itakayochapishwa kwenye karatasi ya A4, tayarisha turubai, yaani eneo la kuchorea ndani ya programu, ya pikseli 2480 kwa 3508, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Katika baadhi ya programu za tableti, kadiri turubai inavyokuwa kubwa ndivyo idadi ya matabaka inavyopungua, kwa hiyo usiongeze ukubwa bila sababu. Yape matabaka majina tangu mwanzo.

Hatua ya nne: mifupa ya mchoro

Anza na mstari wa macho, yaani mstari wa mlalo ulio katika kimo cha macho yako. Ukiwa umeketi kwenye kiti, mstari huo huwa takribani mita 1.2 kutoka sakafuni. Kila kitu kilicho chini yake utakiona kwa juu, na kila kilicho juu yake utakiona kwa chini. Ndiyo maana uso wa meza huonekana, lakini rafu iliyo juu ya kichwa chako hukuonyesha upande wake wa chini tu. Ukiukosea mstari huu, hakuna brashi itakayouokoa mchoro.

Ukitazama ukuta uso kwa uso, kingo zote zinazokwenda mbali nawe zielekeze kwenye nukta moja iliyo kwenye mstari huo wa macho. Ukitazama pembe ya chumba, zitakuwa nukta mbili, nazo uziweke mbali, ikiwezekana nje ya turubai, kwa maana zikikaribiana mno samani zitaonekana kana kwamba zimevutwa. Krita ina zana saidizi za mtazamo zinazoiongoza brashi kuelekea nukta hizo. Hata hivyo, usiache kupima kwa jicho: nyoosha mkono, shika kalamu wima, na ulinganishe urefu wa kiti na upana wa dirisha.

Hatua ya tano: toni kabla ya rangi

Juu ya tabaka jipya, gawa kila kitu katika makundi matatu tu: mwangaza, kati na giza. Kaza macho yako yawe nusu wazi ili maelezo madogo yapotee na makundi yabaki. Utashangaa kuona kwamba shuka jeupe lililo kivulini linaweza kuwa jeusi zaidi kuliko mbao ya kahawia iliyopigwa na jua. Akili itakataa, ikisema shuka ni jeupe. Wewe fuata jicho.

Hatua ya sita: rangi

Mwezi Oktoba 1888, mjini Arles, Ufaransa, Vincent van Gogh alikichora chumba chake cha kulala, na katika barua kwa nduguye Theo alieleza kwamba rangi ndizo zilizopaswa kuleta hisia ya mapumziko. Vivuli vinavyoangushwa na vitu aliviondoa makusudi. Kuta alizoziita za zambarau hafifu leo huonekana za buluu, kwa kuwa rangi nyekundu aliyoichanganya humo imefifia. Aliichora picha hiyo mara tatu. Ninalotaka ulichukue kwake ni kwamba aliamua kwanza chumba kiseme nini, ndipo akachagua rangi.

Nawe chagua rangi tatu au nne zitakazotawala. Paka kila kundi la vitu kwenye tabaka lake kwa rangi bapa, yaani rangi moja isiyo na kivuli, kisha juu yake fungua tabaka la kivuli lenye modi ya Multiply, ambayo hutia giza rangi zilizo chini yake, na ulipake rangi ya zambarau iliyotulia au buluu ya kijivu. Usitumie nyeusi tupu, kwa sababu kivuli cha ndani ya chumba hupokea mwanga unaorudishwa na kuta na sakafu, na nyeusi huuzima mwanga huo. Sakafu nyekundu, kwa mfano, hutupa wekundu kidogo kwenye sehemu ya chini ya ukuta mweupe. Ukiliona hilo na kulichora, ukuta na sakafu vitakuwa vya chumba kimoja.

Hatua ya saba: alama za kuishi

Sasa sogea karibu. Tazama mlango wako pale penye kitasa: rangi imefifia kwa kushikwa, na kingo za ufifio huo hazina umbo la duara bali zimerefuka kuelekea upande ambao mkono huteleza. Tazama mto wa kiti uliobonyea upande mmoja, au waya wa chaji uliojikunja kwa namna ileile kila siku. Chagua alama tatu za aina hiyo na uzichore kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Sehemu nyingine ziache kwa mapigo mapana ya brashi. Hizi ndizo zinazokifanya chumba kiwe cha mtu fulani.

Mwishowe geuza turubai kushoto kulia ili makosa ya mlingano yajitokeze, hifadhi faili la kazi lenye matabaka yote, na utoe nakala ya PNG.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi sina tableti wala kalamu ya kidijitali. Ninatumia simu na kidole. Je, somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu kabisa, ndugu yangu. Chora mifupa kwenye karatasi, ipige picha ukiwa umeishika simu sambamba na karatasi, kisha uiweke kama tabaka la chini. Kidole hufaa sana kwa rangi bapa na toni. Kwa mistari myembamba, kuza sehemu unayoichora na uongeze kiwango cha kutuliza mkono katika mipangilio ya brashi.

Swali: Kuna ubaya gani kuipiga picha kona yenyewe na kuichora kwa kufuatisha juu yake?

Jibu: Picha ni msaada mzuri wa kukumbuka vivuli, lakini lenzi kuu ya simu huwa pana, na vitu vilivyo karibu na kingo hurefuka kuliko jicho linavyoviona. Kamera pia huzima maelezo ya kivulini ili dirisha lisiungue, yaani lisigeuke jeupe tupu, au huliunguza dirisha ili kivuli kionekane, ilhali jicho lako huona vyote viwili. Ukifuatisha, utarithi kasoro hizo zote. Itumie picha kando ya mchoro, si chini yake.

Swali: Nataka kuchora chumba nilichokulia, na nyumba hiyo imeshabomolewa. Nifanyeje bila kukiona?

Jibu: Anza na ramani ya sakafu kama inavyoonekana kutoka juu: mlango ulikuwa wapi, dirisha lilitazama upande gani, kitanda kiligusa ukuta upi. Kisha tumia mlango kama kipimo, kwa kuwa milango mingi ina kimo cha takribani mita 2, na vilinganishe vitu vingine nao. Mstari wa macho uushushe hadi kimo cha mtoto, maana ndivyo ulivyokiona chumba hicho. Wenye kumbukumbu tofauti na zako katika familia waulize, na wakikupinga kuhusu samani, shika unachokikumbuka wewe.

Swali: Mistari yangu iko sahihi na rangi zinapendeza, lakini mchoro umekauka.

Jibu: Chunguza kingo. Ikiwa kila kitu kimekatwa kwa ukali uleule, jicho halipati pa kutua. Acha ukali karibu na kitu kikuu, na kwingineko lainisha, hata kuruhusu mguu wa kiti uzame ndani ya kivuli mpaka usionekane unapoishia.

Swali: Mchoro wangu uling'aa kwenye skrini lakini ulipochapishwa ukafifia, hasa buluu na kijani.

Jibu: Skrini hutoa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, ilhali printa huweka wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi juu ya karatasi, na wino huo hauwezi kufikia baadhi ya rangi kali za skrini. Punguza kwanza mwangaza wa skrini yako, kwa sababu mara nyingi huwa juu mno. Kisha, kama programu yako inaruhusu, tazama mchoro kwa mfumo wa rangi za uchapishaji kabla ya kuutuma, na uchapishe kipande kidogo cha majaribio chenye sehemu ya giza kuliko zote na ile ya buluu kali.