Vuli Ikikata: Mambo ya Kuzingatia Kabla kwa Mwenye Shamba Anayeishi Dar

Wengi tunaishi Dar es Salaam na mashamba yetu yako Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, lakini maandalizi yaanze mapema, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikishatoa mwelekeo wa msimu. Usiishie kwenye maneno "chini ya wastani"; angalia pia mvua itaanza lini na kama kuna tahadhari ya vipindi virefu vya ukavu. Ukisikia La Niña (maji ya Bahari ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida), au kwamba Bahari ya Hindi upande wetu imepoa kuliko kawaida, jiandae kwa upungufu.

Kinachowaumiza wengi ni mvua ya kwanza. Inanyesha Mbagala usiku, asubuhi mtu anapiga simu shambani: pandeni! Kumbe huko imelowesha vumbi tu, au haikufika kabisa. Mahindi yanaota, jua linawaka wiki tatu, mbegu imeteketea. Anayekaa shambani achimbe kwanza kwa jembe. Unyevu usipofika kama sentimita 20 kwenda chini, subirini. Hata ukifika, msimalize mbegu yote, bakizeni ya kurudishia. Na neno la mwisho liwe lake, kwa sababu yeye ndiye anayeushika udongo.

Mwaka unaotabiriwa mvua haba punguzeni eneo la mahindi, na yawe ya muda mfupi. Ongezeni kunde, choroko na mihogo. Pingili za mihogo zihifadhiwe kivulini zisikauke kabla ya kupandwa.

Gata zisafishwe kabla ya Oktoba. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya karibu lita 1,000, na mvua za namna hiyo zinaweza kuwa chache. Nyumbani mjini nako jaza simtanki na madumu: Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ikaleta mgawo wa maji.

Mahindi ya masika yasiuzwe yote. Kabla ya kuyafunga, tia machache kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, anika tena, la sivyo yataota kuvu.

Mwisho, kaa na msimamizi wa shamba mkubaliane atalipwa nini kama hakuna kitakachovunwa. Familia yake inaitegemea vuli hiyohiyo. Debe zake za mahindi zipimwe kabla magunia yako hayajapakiwa kuja mjini.