Somo: Kuvunja 123456789 hadi vigawo vyake tasa

Wakuu, swali la kama 123456789 ni namba tasa linarudi kila mara. Naliweka hapa lote.

1. Inaishia na 9, kwa hiyo 2 na 5 hazimo.

2. Jumla ya tarakimu ni 45, inagawanyika kwa 9. Gawanya: unabaki na 13717421.

3. Jumlisha tena: 26. Haigawanyiki kwa 3, basi 3 tumemalizana nayo.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanajaribu 7, 11, 13, wakifika mia tatu hivi wanachoka na kutangaza kuwa 13717421 ni tasa. Kuchoka si uthibitisho! Kipeuo chake cha pili ni 3703 na ushee. Kabla hujamaliza namba tasa zote hadi hapo, huna haki ya kusema hivyo. Na kigawo cha kwanza kimejificha karibu kabisa na mpaka huo, kwa hiyo ukienda kwa mfuatano utagawanya zaidi ya mara mia tano. Tumia njia ya Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17: chukua mraba ulio juu kidogo ya namba yako, toa namba yako, angalia kama kinachobaki nacho ni mraba.

3704² − 13717421 = 2195. Si mraba.
3705² − 13717421 = 9604. Hii ni 98².

Basi vigawo ni 3705 − 98 = 3607, na 3705 + 98 = 3803.

Angalizo: njia hii ina kasi pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali, itakuchosha kuliko kugawanya. Na usisimame hapo, hakikisha 3607 na 3803 zenyewe ni tasa. Kujaribu namba tasa hadi 61 kunatosha.

Jibu: 3² × 3607 × 3803.

5. Idadi ya vigawo vyote: ongeza 1 kwenye kila kipeo, zidisha. 3 × 2 × 2 = 12.

MASWALI

Chaki Nyeupe: Kwa hiyo ni tasa au siyo?
— Hatua ya 2.

Mtu wa Pwani: Nimegawanya kwa 3704 na 3705, zote zinaacha baki. Njia yako haifanyi kazi.
— Nani kakwambia ugawanye? Nimeandika utoe. Rudia hatua ya 4.

Binti Mhasibu: Kwa nini tofauti ya miraba itoe vigawo?
— Swali zuri sana, dada. Kumbuka a² − b² = (a − b)(a + b). Sasa tazama: 3705 ni wastani wa 3607 na 3803, na 98 ni nusu ya tofauti yao. Kumbe tunachowinda ni wastani wa vigawo, na vikikaribiana, wastani huo unakaa jirani na kipeuo. Jaribu 8051: 90² − 7², yaani 83 × 97.

Binti Mhasibu: Asante, imeingia! Je, nikipanga upya tarakimu hizo tisa, naweza kupata namba tasa?
— Huwezi. Jumla inabaki 45, zote zinagawanyika kwa 9.

Kigawe: Ukiigeuza, 987654321 = 3² × 17² × 379721. Na 123456789 × 8 + 9 = 987654321.
— Safi sana mkuu. Na hapo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya hizo mbili inaonekana bila kuvunja chochote: ukigawanya kubwa kwa ndogo baki ni 9, na 9 inagawanya zote mbili, basi KKS ni 9.