Elewaneni kuhusu 20 kabla ya kurusha dadu

Mkikaa kucheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mtu huigiza mhusika, na dadu huamua kama anafaulu) na watu wapya, malizeni kwanza suala la 20. Kwa kanuni za mwaka 2014, dadu ya pande 20 ikiangukia 20, shambulio linampata adui hata awe amevaa chuma mwili mzima. Ila kwenye kuparamia ukuta au kumbembeleza mfalme akuachie taji (wapo wanaojaribu!), 20 ni namba tu, unaweza kushindwa. Wengi wamezoea kwamba 20 inafaulu popote, na ugomvi huanzia hapo. Ulizaneni pia mapema: mhusika akifa, anarudishwa au basi? Mwendesha mchezo aandike majibu kwenye kundi la WhatsApp. Sheria yenu ikibadilika, ibadilike baada ya kikao, si katikati ya pambano.