Majira ya baridi kwenye boti Uingereza: mambo ya kupanga mapema mkiwa wawili

Boti ya mfereji ikitazamwa mwezi Julai, jua likiwaka mpaka saa tatu usiku, ni rahisi kuipenda. Kwa wenza waliochoshwa na kodi za nyumba Uingereza, wazo la kuwa na pa kwao juu ya maji lina mvuto wa kweli, nami nalitetea. Ila ikifika Januari boti ile ile inadai mambo mengine, na karibu yote hupangwa kabla Oktoba haijaisha.

Kubwa kuliko yote ni mahali pa kuifunga. Canal & River Trust, shirika la hisani linalosimamia takriban kilomita 3,200 za mifereji na mito ya England na Wales, linataka mwenye boti awe na maegesho ya kudumu au awe safarini kweli. Aliye safarini kwa kawaida haruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, na tangu Aprili 2024 hulipa nyongeza kwenye ada ya leseni. Njia hiyo bado huonekana nafuu, mpaka baridi ifike. Kati ya Novemba na Machi baadhi ya malango ya maji (locks), yanayopandisha na kushusha boti, hufungwa kwa ukarabati, mfereji wenyewe unaweza kuganda, na mmoja wenu huenda anawahi zamu ya alfajiri katika mji ambao boti imeshauacha nyuma. Kipo kibali cha kulipia ili mtu akae mahali pamoja kuanzia Novemba hadi mwisho wa Februari, na wanaokitaka hukiwahi mapema. Ushauri wangu kwa wanaoanza: baridi ya kwanza kaeni marina, yaani bandari ndogo ya kuegesha boti.

Kabla ya kusaini, ulizeni kwa maandishi kama nafasi hiyo ni ya makazi au ya mapumziko tu. Nyingi ni za mapumziko, na mkataba wake unaweza kuwakataza kuifanya anwani yenu. Kwa mgeni, jambo hili ni zito kuliko kwa jirani yake Mwingereza. Mwenye viza ya mwenza anapoomba kuongezewa muda hutakiwa kuonyesha kuwa mna makazi ya kutosha na kwamba mnaishi pamoja. Ushahidi wa kawaida ni barua zilizokuja kwa majina yenu kwenye anwani moja. Basi mkataba wa marina uandikwe majina yote mawili, risiti za umeme na barua za bima zihifadhiwe, na anwani kwenye akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, ibadilishwe kila mnapohama. Daktari asiwatie wasiwasi: katika England huhitaji uthibitisho wa anwani ili kujiandikisha kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani.

Sasa moto na hewa. Boti nyingi zina jiko la chuma linalochoma kuni na makaa yasiyo na moshi, nalo hupasha vizuri sana. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa tumelizoea mno, na ndiyo maana nawasihi: msiliingize kamwe ndani ya boti, hata likiwa limebaki na kaa chache zinazofifia, hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na boti yenye upana wa mita 2 hivi hujaa upesi. Kengele ya kugundua gesi hiyo yenye alama EN 50291-2 ndiyo inayofaa boti. Ijaribuni kila wiki.

Baridi ikikaza mtatamani kuziba matundu ya hewa kwa magazeti. Msiyazibe. Hewa hiyo ndiyo inayolisha moto, na kupitia humo ndipo mvuke hutoka nje. Watu wawili wanaopumua, kupika na kuanika nguo ndani hutoa unyevu mwingi. Asubuhi mtaukuta matone kwenye fremu za madirisha, na godoro limelowa upande wa chini unaogusa ubavu wa boti. Wekeni chaga chini ya godoro, liinueni mchana, na fungueni dirisha mnapopika.

Gesi ya kupikia ina tabia yake. Mtungi wa buluu ni wa butane, na karibu na nyuzi 0 hugoma: mtungi mzito, moto hafifu. Badilisheni mapema mchukue mwekundu wa propane.

Umeme wa marina mara nyingi ni wa ampea 16, yaani kama wati 3,600. Hita ya wati 2,000 ikiwaka pamoja na birika la wati 3,000, umeme unakatika. Anayechemsha chai amwambie mwenzake azime hita kwanza.

Tangi la maji lijazwe kabla ya usiku wa jalidi, maana bomba za gatini nazo huganda. Mkisafiri kwa siku kadhaa, zimeni pampu, toeni maji kwenye mabomba, na acheni koki wazi.

Mkitaka kutembea na boti siku njema, tembeeni, lakini msipasue barafu. Hukwangua rangi nyeusi inayokinga chuma, na mabamba ya barafu yanaweza kutoboa boti za plastiki za majirani. Mtoni, ubao wa kupimia maji ukionyesha nyekundu, boti ibaki ilipofungwa.

Mwisho, kuanguka. Ukingo wa boti wenye jalidi huteleza, na maji ya Januari humfanya mtu aheme bila kujizuia. Akianguka asipambane kuogelea: alale chali, aelee mpaka pumzi itulie, ndipo aite msaada. Vaeni jaketi okozi kila mnapotoka nje usiku, na mchana tafuteni ngazi iliyo karibu na boti yenu, kila mmoja aifikie mwenyewe na ajue boya la kurushia liko wapi.