Kusasisha BIOS ya laptopu iliyokufa betri

Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu hapa Langoni, Lamu, zinaishi kwa chaja. Betri ilikwisha kitambo, na mpya ni ya kuagiza Mombasa, ije kwa basi hadi Mokowe, ivuke kwa mashua. Siku ya kusasisha BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha laptopu kabla ya Windows, ndipo mambo yanapokwama: programu ya kusasisha inagoma, inataka betri iliyopo na yenye chaji.

Kugoma huko kuna sababu. BIOS imo ndani ya chipu ndogo kwenye bodi. Sasisho huifuta, kisha huiandika upya kwa dakika chache. Stima ikikatika hapo katikati, mashine haiwaki tena. Betri ndiyo akiba ya dakika hizo, kwa hiyo usiondoe kizuizi kabla hujaweka akiba nyingine.

1. Hakikisha sasisho lina haja. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, usome toleo la BIOS ulilo nalo. Fungua tovuti ya mtengenezaji, utafute modeli yako hasa, si ndugu yake, na usome toleo jipya linarekebisha nini. Kama halikuhusu, funga ukaendelee na shughuli zako.

2. Pima betri. Amri ya powercfg /batteryreport, ukiiandika kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows), hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliobaki. Ikiwa bado inashika chaji kidogo, ijaze kisha ujaribu sasisho kwa njia ya kawaida. Iliyovimba itoe kabisa. Na kama unamjua mtu mwenye laptopu ya modeli hiyohiyo, azima betri yake kwa nusu saa. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na ukiipata, amri za hatua ya 5 huzihitaji.

3. Kagua chaja. Zile chaja za Dell za kichwa cha mviringo zina pini nyembamba katikati ya kuitambulisha chaja kwa mashine, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na pini hiyo. Chaja isipotambulika, sasisho linaweza kukataa hata kama laptopu inawaka vizuri. Kichwa kikicheza tunduni, tengeneza kwanza.

4. Andaa stima. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chomeka chaja kwenye UPS (kisanduku chenye betri kinachoshika stima ikikatika), au kwenye inveta ya sola yenye betri nzima ya volti 12. Kisha jaribu: washa laptopu, funga faili zako zote, halafu chomoa UPS ukutani. Laptopu isiyo na betri haifichi siri. UPS ikiwa mbovu, itazima papo hapo. Iache hivyo robo saa. Ikistahimili, rudisha waya ukutani. Angalia na tokeni zilizobaki kwenye mita, watu husahau. Siku ambayo kusi inavuma kwa nguvu na taa zinapepesa, mwambie mwenye mashine arudi kesho.

5. Endesha sasisho. Hifadhi nakala ya kazi zako. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda faili, isimamishe BitLocker kwa muda, la sivyo utaulizwa ufunguo wa urejeshi baadaye.

Kwa Dell, weka faili kwenye folda rahisi kama C:\bios, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, ingia kwenye folda hiyo, andika jina la faili likifuatiwa na nafasi na /forceit, neno la kulilazimisha sasisho bila kujali betri. Kwa mashine zinazotumia BIOS ya kampuni ya Insyde, fungua kifurushi cha sasisho, tafuta platform.ini, na katika sehemu ya AC_Adapter badilisha BatteryCheck=1 iwe 0. Baadhi ya modeli hukataa hata hivyo. Hapo hakuna ujanja, rudi kuazima betri.

6. Usiiguse. Skrini inaweza kuwa nyeusi, feni ikapiga kelele, mashine ikajizima na kujiwasha. Subiri hadi Windows ifunguke, kisha rudia msinfo32.

Isipowaka, kuna urejeshi kwenye modeli nyingi za karibuni. Kwa Dell, shika Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. Kwa HP, shika Windows na B, ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde mbili au tatu. Vikishindikana vyote, chipu itaandikwa kwa CH341A, kifaa kidogo cha kuandikia chipu, na klipu ya miguu minane ya kuibana. Fundi asome kwanza namba iliyo juu ya chipu, kwa sababu kuna za volti 3.3 na za 1.8, na ukiipa ya 1.8 moto wa 3.3 unaweza kuiua.