Mnataka maktaba ya mtaa? Anzeni na chokaa kabla ya matofali

Kama mtaani kwenu mmepata kiwanja au hata chumba kimoja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na mnawaza maktaba, msikimbilie kumwita fundi. Sisi huku Dar tulianza vibaya, watu wanne tumekaa usiku na karatasi tukachora wenyewe tukaona tumemaliza, asubuhi mama anayeuza vitumbua pale kona akaangalia ule mchoro akasema "mlango mmeuweka kwenye njia ya maji." Masika ilipofika tukaenda kuangalia, kweli, pale pale pa mlango maji yanapita mpaka kwenye goti. Yeye amekaa kona ile miaka na miaka, sisi tulikuwa tunapita tu.

Kwa hiyo kwanza jambo lipite kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe na usainiwe, maana kiwanja kisicho na maandishi kesho utakuta kimejengwa fremu za biashara. Ila mkutano peke yake hautoshi kabisa, pale wanaongea wale waliozoea kuongea. Nendeni kijiwe cha bodaboda, saluni, bombani, madrasa. Na msiulize "mnataka maktaba ya aina gani" watu watawajibu "nzuri" basi mmeishia hapo. Ulizeni: jana kuanzia saa tisa mchana mpaka saa tatu usiku mwanao alikuwa wapi? Hapo ndo utasikia mambo. Kwetu tulikuta watoto wakitoka shule wanapitiliza madrasa, wanakuwa huru saa kumi na moja jioni, na sisi tulipanga kufunga saa kumi! Na wa form four wanataka usiku, kwao ni chumba kimoja na tv inawaka mpaka saa nne. Hela ya luku, yaani umeme, ikaingia kwenye bajeti kabla ya hela ya vitabu.

Sasa chokaa. Nunueni mfuko mmoja mchore ramani chini ardhini kwa ukubwa wake wenyewe, kuta, mlango, rafu, choo, halafu azimeni viti vya plastiki watu waingie wakae kama vile kuta zipo. Hii kitu inafundisha kuliko michoro yote, maana mtu ambaye hajui kusoma ramani anajua kabisa kama hapa anabanwa. Bibi mmoja alikaa akasema jua la jioni linampiga machoni, tukageuza madirisha. Watoto wenyewe wakatoka nje ya mistari wakaenda kukaa chini ya mwarobaini, ndo tukajua tunahitaji baraza.

Wenzetu wa Muyinga kule Burundi walifika huko huko, maktaba yao ilikamilika 2012, wasanifu BC Architects wa Ubelgiji walijenga pamoja na wenyeji kwa matofali ya udongo wa kushindilia, mbele wakaweka baraza refu kama nyumba za kule zilivyo, na ndani watoto wakatundikiwa wavu mkubwa wa kamba za katani wanapanda wanajilaza wanasoma. Nairobi nako Book Bunk, taasisi ya kukarabati maktaba iliyoanza 2017, waliwauliza wakazi wa Kaloleni na Makadara kabla ya kukarabati maktaba zao. Hili lina uzito wake, maana maktaba kubwa ya McMillan hapo hapo Nairobi ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu tu, Mwafrika anaipita kwa nje. Mtu akishajua jengo si lake hata ukimfungulia mlango anasita.

Vipimo mwambieni fundi mapema. Mlango sentimita 90, na njia ya kiti cha magurudumu kila ukipanda sentimita 10 iwe na urefu wa sentimita 120. Rafu za watoto zisizidi sentimita 120 kwenda juu, na ubao usivuke sentimita 90 bila nguzo, vitabu ni vizito utapinda. Msizibananishe na ukuta, mchwa. Na bati bila dari msikubali jamani, mvua ikinyesha hamsikilizani.

Mkishafungua wekeni daftari mlangoni, kila anayekosa kitu aandike. Kwetu wiki ya kwanza waliandika magazeti ya michezo, fizikia ya form two, na mzee mmoja akaandika neno moja tu, miwani. Tukanunua miwani ya kusomea pea tatu namba tofauti, zinakaa kwenye kopo mezani kwa mtunza maktaba, na ikifika saa kumi na mbili jioni kopo mara nyingi liko tupu.